Muhuri Niliougonga Msibani

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niweke mikono mfukoni, na nikashindwa. Lilikuwa shamba la mkonge kule tambarare ya Korogwe, na mimi nilikuwa kijana wa Kizigua kutoka Misima, nimetoka chuo cha ufundi, nina suruali mpya na kiherehere cha kutosha watu watatu. Fundi Mkuu wa Umeme alitupokea watu wawili mlangoni mwa korona, kile kiwanda kinachosaga majani ya mkonge hadi yabaki singa. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, ambaye hakupandisha sauti hata mashine zikinguruma. Ilibidi umsogelee ndipo umsikie.

"Leo mnatazama tu," alisema. "Mikono mfukoni mpaka king'ora cha jioni. Umeme hauonekani wala hausikiki. Ukiunusa, umeshachelewa."

Mwenzangu, aliyeitwa Maganga, alitumbukiza mikono mfukoni akatulia kama mtu anayesubiri chakula. Mimi nilijitahidi hadi saa sita hivi. Kisha Fundi Mkuu akageuka, nami nikafungua kifuniko cha boksi la fyuzi nione kilichomo. Aliniona. Hakunigombeza, aliniongezea tu wiki nzima ya kuweka mikono mfukoni, wakati Maganga kesho yake alipewa testa na plaizi akaanza kazi.

"Mzigua hata umeme haumtaki," Maganga aliwaambia watu wa karakana nzima. "Umemrudisha darasani!"

Nilicheka, maana sikuwa na la kufanya. Babu yake Maganga aliletwa kutoka Unyamwezi kukata mkonge, akiwa mmoja wa vibarua wa mkataba tuliowaita manamba, na Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani. Siku hizi vijana wanadhani utani ni maneno ya kuchekesha tu. Kwetu ilikuwa sheria. Mtani anaweza kukuvua kofia, kula wali wako, kukutukana mbele ya wakwe zako, na anayekasirika ndiye anayeaibika. Nilifanya kazi na Maganga miaka mingi, na sikumbuki siku aliyoniacha nile chakula changu chote.

Kitu cha kwanza Fundi Mkuu kutufundisha kilikuwa ethi. Wengi wenu mna nyumba zenye umeme na hamjui ethi ni nini, kwa hiyo nitaeleza, mnivumilie. Kila kitu cha chuma kinachotumia umeme, iwe mashine ya korona au friji la nyumbani, kinatakiwa kiunganishwe kwa waya na nondo ya shaba iliyopigiliwa chini ardhini. Waya wa moto ukichubuka ukagusa lile bati, umeme unakimbilia ardhini kupitia nondo, na breka inakata. Kama ethi haipo, lile bati linakaa na umeme wake likimsubiri mtu aliguse. Sakafu ya korona ilikuwa imelowa maji ya mkonge saa zote, kwa hiyo hatukufanya mchezo na jambo hilo. Kila Jumatatu tulizunguka na mita ya kupimia ethi, Maganga akishika waya, mimi nikisoma namba kwa Fundi Mkuu.

Shamba lilipodorora na mashine kuanza kuzimwa moja baada ya nyingine, sikungoja kuambiwa. Sijawahi kungoja kitu. Nilihamia Handeni, nikaajiriwa idara ya ujenzi chini ya Mhandisi wa Wilaya. Maganga alibaki Korogwe akifunga umeme mitaani, nyumba kwa nyumba.

Mhandisi wa Wilaya alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa faili kuliko watu. Alinipa pikipiki, nami nikawa mtu wa barabarani: leo zahanati, kesho nyumba za walimu, keshokutwa ofisi ya kata. Nilitindua kuta, nikalaza paipu, nikavuta nyaya, na kabla plasta haijakauka nilikuwa nimeshawaza nyumba inayofuata. Mke wangu alizoea kusema mimi nakunywa chai nikiwa nimesimama kama mtu anayepigiwa honi. Ni kweli. Hata sasa ninapoandika haya nimeinuka mara nne.

Mhandisi ndiye aliyenisukuma nifanye mtihani wa leseni. Nilipofaulu, aliniita ofisini na kuniwekea mezani muhuri wangu mpya, wenye jina langu na namba ya leseni.

"Fundi Mhando," alisema, "mwenye nyumba hajui kusoma waya. Anasoma muhuri. Usigonge mahali ambapo hujapima kwa mkono wako mwenyewe."

Nieleze na hili. Ukitaka kuunganishiwa umeme, unajaza fomu, na fundi mwenye leseni anachora humo ramani ya nyaya za nyumba yako, anasaini na kugonga muhuri kwamba amefunga yeye, au amesimamia, na amepima. Wale wanaokuja kuunganisha wanaangalia muhuri kwanza. Bila muhuri, nyumba inabaki na koroboi.

Baadaye niliacha ajira nikajitegemea, na ndipo nguzo zilipoanza kuingia vijijini. Ilikuwa kama mvua ya kwanza. Kila mtu alitaka umeme jana. Mafundi wasio na leseni walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa na mikono mizuri kunishinda. Maganga alikuwa mmoja wao. Paipu zake zilinyooka kama zimepigwa rula. Lakini mtihani hakuufanya kamwe, na bila mtihani hakuna leseni, kwa hiyo akaanza kunifuata nimgongee muhuri kwenye nyumba zake.

"Kafanye mtihani," nilimwambia.

"Mtihani nitafanya siku nikikosa kazi."

"Basi nipeleke nikapime nyumba hizo mwenyewe."

"Utapima saa ngapi, mtani? Wewe hata salamu hupokei umekaa."

Nilimkatalia mara nyingi, na nilijisifia kukataa. Niliwaambia wateja wangu kwamba muhuri wa Mhando hautoki mfukoni bila mita kutangulia. Nilisema hivyo Handeni yote.

Kisha baba yangu akafariki. Habari zilinikuta kazini, nikapanda pikipiki na mkoba wangu wa kazi kama ulivyo na kwenda Misima. Nilikuta watu wamejaa uani na wengine wanajiandaa kwenda kuchimba kaburi. Maganga alikuwa amefika kabla yangu, kutoka Korogwe. Alimpenda sana baba. Alinikumbatia, akalia nami kwa dakika kadhaa, halafu akafuta uso na kufanya lile ambalo mtani hufanya kwenye msiba wa mtani wake. Akachukua jembe la kuchimbia kaburi, akalilaza chini na kulikalia.

"Hazikwi mtu hapa," alitangaza, "mpaka nipewe haki yangu ya utani!"

Watu wakaanza kucheka, na wengine walikuwa bado na machozi. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwatoa watu kwenye uzito ule. Kwa kawaida anapewa kuku, au kofia ya marehemu, au chochote kilicho karibu, anaachia jembe na mambo yanaendelea. Shangazi yangu alimpa kuku. Alimkataa. Akapewa kofia ya baba, akaivaa, bado hajainuka.

"Nataka muhuri," alisema. Akatoa kwenye mfuko wa ndani wa koti fomu mbili zilizokunjwa. "Mara mbili tu. Gonga, gonga, nami niende nikamchimbie mzee nyumba yake."

Uani pakalipuka kwa kicheko. Wajomba, majirani, hata shehe aliinamisha uso akitabasamu. "Mpe mtani wako haki yake!" walisema. "Mpe, maiti isubiri nini?"

Nilijua ninachofanya. Sitajificha nyuma ya msiba. Nilikuwa nimechoka kulia, na kwa dakika ile nilitaka kucheka pamoja na watu. Zaidi ya hayo, nani angekasirikia utani mbele ya maiti ya baba yake? Nilifungua mkoba, nikaweka fomu juu ya goti, nikagonga mara mbili. Nyumba moja ilikuwa Kerenge, nyingine Kwedizinga. Nilimnong'oneza Maganga, "Nitakuja kuzipima zote mbili baada ya arobaini."

"Njoo," alisema. Akainuka na jembe, na kaburi la baba alilichimba yeye kwa sehemu kubwa.

Arobaini ilipita. Nilikuwa na kazi Handeni mjini, kisha shule mbili za msingi, kisha nyumba za hawa na wale. Kila nilipokumbuka nilikuwa barabarani nikielekea kwingine. Nimewahi kujiuliza kama mbio zangu zote zile zilikuwa bidii, au nilikuwa nakimbia tu. Nyumba zote mbili ziliunganishwa, na hakuna aliyerudi kulalamika, nami nikajiambia kimya ni habari njema.

Magoti yalipokataa ngazi, nilistaafu. Sikuihuisha leseni. Muhuri niliuweka kwenye droo. Watu walinipongeza kwa kupumzika, lakini kupumzika kwenyewe sikukuweza. Nilizoea kwenda kukaa duka la vifaa vya umeme pale Handeni, kwa rafiki yangu, nikipanga swichi ambazo zimeshapangwa na kuwapa wateja ushauri ambao hawakuomba. Ushauri wenyewe ni huu, na nyinyi pia hamjauomba. Unapomwita fundi nyumbani kwako, mwombe akuonyeshe leseni yake, uangalie daraja lake na kama bado haijaisha muda. Usione haya, daktari naye huwa na cheti ukutani. Muulize atapima nini akimaliza, na umwambie utakuwepo akipima. Fundi wa kweli hatachukia. Anayechukia, msindikize mlangoni kwa heshima.

Basi siku moja nilikuwa pale dukani, nikimhubiria mteja mambo hayohayo, akaingia mama mmoja wa makamo akiwa amejifunga kanga mbili, vumbi la safari miguuni.

"Nataka zulia la mpira," alimwambia mwenye duka. "La kusimamia mbele ya friji. Friji letu linatekenya."

"Linatekenya vipi, mama?"

"Ukilishika peku linakutekenya mpaka kwenye kiwiko. Mvua zikinyesha linauma kabisa."

"Hiyo ni ethi," alisema mwenye duka. "Nani alikufungia umeme?"

"Umefungwa na fundi mwenye leseni!" Mama alijibu kwa fahari kidogo. "Fomu ninayo mpaka leo, ina muhuri. Fundi Mhando wa Handeni. Sisi tunatoka Kwedizinga."

Rafiki yangu alinitazama. Mimi niliinama nikaanza kupanga swichi. Nilipaswa kusema pale pale, nimwambie apige simu hilo friji lizimwe kabla hajafika nyumbani. Badala yake nilihesabu swichi, na yule mama akaviringisha zulia lake kwapani, akatuaga kwa adabu, "Haya wazee, tutaonana," akaondoka. Nina miaka mingi na nimefanya makosa mengi, lakini sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Nilimpigia Maganga hapohapo, nje ya duka, nikitembea huku na huku kwenye jua.

"Ile nyumba ya Kwedizinga," nilimuuliza. "Ethi uliweka?"

Maganga, asiyekosa mzaha, safari hii hakuleta mzaha.

"Nilikuta mwamba," alisema. "Nondo iliingia shubiri moja. Nikaikata, nikaifukia. Nilijua utakuja kupima, mtani, ungeiona, tungechimba pembeni. Ulisema baada ya arobaini."

"Na Kerenge?"

"Kerenge ni udongo mzuri. Ipo sawasawa. Nenda kapime." Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuizoea kwake, "Nilikungoja wewe, Rajabu."

Tangu tujuane hakuwahi kuniita kwa jina.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumpigia Fundi Neema wa Korogwe, mwanamke mwenye leseni hai na mita zake zote. Sikuweza kwenda peke yangu. Mtu asiye na leseni hawezi kusaini nyumba, na mimi sasa nilikuwa huyo mtu. Kesho yake asubuhi nilimfuata Korogwe, tukapita Kerenge kwanza kwa kuwa ilikuwa upande huo, akapima, akaniambia, "Iko vizuri, mzee," nami nikashukuru, lakini sikupata hata nafuu ya kukaa chini. Njia nzima ya kurudi kuelekea Kwedizinga nilimhimiza dereva wa bajaji mpaka akakasirika.

Mama Zaituni, ndivyo anavyoitwa, alikuwa anapepeta mahindi uani. Jozi tano za ndala zilikuwa zimepangwa mlangoni mwa jikoni, kubwa mpaka ndogo kabisa. Aliniamkia, nami nikaitikia, kisha akakunja uso.

"Si wewe yule mzee wa dukani?"

"Ni mimi," nilisema. "Naomba kwanza uzime swichi kubwa, mama. Halafu nina neno."

Alizima. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilikataa kiti. Nilimwambia mimi ndiye Mhando, kwamba muhuri ulio kwenye fomu yake ni wangu, kwamba niliugonga msibani kwa baba yangu bila kuiona nyumba hii hata kwa mbali, na kwamba jana nilimsikia akilitaja jina langu nikanyamaza.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa bado ameshika ungo. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Watoto wangu wote nimewafundisha," alisema taratibu. "Kabla ya kuchukua maji ya kunywa, vaa ndala. Yule mdogo alijua ndala kabla ya kujua kuongea vizuri. Nilidhani ndivyo umeme ulivyo. Nilidhani kila nyumba wanavaa."

Fundi Neema alianza kazi. Nilishika nyundo nimsaidie, akaichukua mkononi mwangu kwa upole. "Mzee, naomba ukae. Nyumba hii nitaisaini mimi." Sikuweza kukaa, nikaizunguka nyumba mara nyingi kiasi kwamba kuku walinizoea. Alifukua alipoelekezwa na Maganga kwa simu, akatoa kipande cha nondo kisichozidi shubiri. Alitafuta udongo laini nyuma ya bafu, mahali ambapo unyevu haukauki, akapigilia nondo mbili ndefu na kuziunganisha. Nyuma ya friji alikuta waya wa moto umechubuka na kulalia bati, akaubadilisha. Kwenye boksi la breka aliongeza kile kifaa kinachohisi umeme unaovuja na kukata kabla mtu hajaumia, akawasha umeme kwa muda, akamwita Mama Zaituni akione kinavyokata kwa kubonyeza kitufe chake. Ndipo akapima ethi. Nilisoma namba juu ya bega lake. Akarudia kupima bila mimi kumwambia. Halafu akaketi juu ya kinu, akachora ramani upya, akasaini na kugonga muhuri wake.

Mama Zaituni aliipokea karatasi ile, akaisoma, akaikunja. Hakuiweka. Aliwasha swichi kubwa, akaingia jikoni nasi nyuma yake, akachukua jagi la maji, akayamwaga yote kwenye sakafu mbele ya friji mpaka yakatuama.

"Karatasi yenye muhuri nilikuwa nayo," aliniambia. "Hii sasa ni ya pili. Vua viatu, mzee."

Fundi Neema alifungua kinywa. Nilimwonyesha kwa mkono anyamaze. Nilikuwa nimeiona mita kwa macho yangu, nilijua hakuna umeme kwenye bati lile, na bado moyo ulikuwa unanipiga kama wa mtu asiyejua lolote kuhusu waya. Nilivua viatu, nikavua soksi. Watoto watatu walikuwa mlangoni wakitazama, kila mmoja na ndala zake miguuni. Maji yalikuwa ya baridi. Nilishika mpini wa friji kwa mkono wote.

"Usiachie bado," alisema Mama Zaituni.

Sikuachia.